Nikivuka hadi Tangier nikalala usiku mmoja, siku 90 zinaanza upya?

BibiMgeni

Ndugu zangu, hamjambo. Naomba jibu la mtu aliyepita njia hii mwenyewe.

Nina pasipoti ya Uingereza, kwa hiyo Hispania naingia bila viza, ila kwa siku zisizozidi 90. Nilifika Sevilla tarehe 3 Machi, mwanangu akajifungua tarehe 9 kwa upasuaji. Mpaka leo, 20 Mei, akiinama kidonda kinamvuta, na mumewe anarudi kazini usiku. Anayemwogesha mtoto ni mimi. Kwa kweli nisingependa kuondoka kabla ya Julai kwisha.

Sasa jirani yao ananiambia nisihangaike. Nipande feri pale Tarifa, mwendo wa kama saa moja nipo Tangier, nilale Moroko usiku mmoja, kesho yake nirudi nigongewe muhuri mpya, siku 90 nyingine hizo. Anasema yeye amefanya hivyo Thailand mara kadhaa wala hakuulizwa. Tiketi sijakata. Ni kweli? Mwanangu na mkwe wangu wote wana pasipoti kama yangu, wanaishi hapa kwa kibali cha kazi.

MzeeWaMabasi

Shikamoo mama, na hongera kwa mjukuu. Tafadhali usikate hiyo tiketi.

Jirani hakudanganyi, ila anakupa sheria ya nchi nyingine. Thailand ukitoka na kuingia tena unaanza kipindi kipya, na hata wao wamebana: wanaoingia bila viza kwa njia ya nchi kavu wamewekewa kikomo cha mara mbili kwa mwaka. Schengen, yaani zile nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka kati yao, Hispania ikiwamo, haijali uliingia lini mara ya mwisho. Kila siku unayokuwa ndani wanatazama nyuma siku 180, wanajumlisha siku zote ulizokuwamo, na jumla hiyo isipite 90. Kwenda Moroko hakufuti hata moja.

Twende kwenye hesabu yako. Machi umekaa siku 29, Aprili 30, Mei mpaka leo 20. Jumla 79. Tuseme unapanda feri leo na kurudi kesho. Siku ya kutoka inahesabiwa kuwa ulikuwa ndani, na siku ya kurudi vilevile. Kwa hiyo kesho unasimama dirishani ukiwa na siku 80, sawasawa na ambaye hakutoka nyumbani. Nauli imekwenda, umechoka, hujapata kitu. Siku yako ya 90 ni 31 Mei, na hiyo ndiyo ya mwisho kuwa ndani.

Zamani afisa alikuwa anafunua kurasa na kufuata mihuri kwa kidole, na wapo waliopita kwa sababu muhuri haukusomeka. Siku hizo zinakwisha. Tangu 12 Oktoba 2025 wameanza mfumo wa EES, wa kuandikisha wageni wanaoingia na kutoka, unachukua alama za vidole na picha ya uso, na hesabu inafanywa na kompyuta.

Kiboko_77

Si aende Ureno wiki mbili tu, arudi?

MzeeWaMabasi

Ureno na Hispania kwa hesabu hii ni nyumba moja yenye vyumba viwili. Nchi za Schengen ni 29, ukihama kutoka moja hadi nyingine saa inaendelea kugonga. Na wanaoshauriwa kukimbilia Croatia wajue ushauri huo umepitwa, imeingia Schengen tangu 2023. Bulgaria na Romania nazo mipaka yao ya nchi kavu ilifunguka 1 Januari 2025.

DadaWaMizigo

Mama, mimi niliwahi kuzidisha siku mbili, na sikuwa na nia mbaya hata kidogo. Niliingia tarehe 1 Julai, nikajiambia miezi mitatu ndiyo siku 90, nikakata tiketi ya kuondoka 30 Septemba. Julai ina siku 31, Agosti 31. Jumla ikawa 92.

Kwenye uwanja wa ndege afisa alitazama muhuri, akatazama kalenda iliyobandikwa kwenye kioo chake, akaninyooshea kidole kwenye mlango wa pembeni. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki saa mbili na nusu nikiwa nimepakata begi, ndege yangu ikaondoka naisikia. Sikupigwa marufuku, niliandikiwa onyo, lakini mwaka uliofuata kila mpaka niliofika nilikuwa natetemeka mikono. Wengine hutozwa faini, wengine hufungiwa kuingia kwa miaka. Hesabu siku, achana na miezi. Chukua kalamu na kalenda ya ukutani, weka alama siku moja moja.

BibiMgeni

Marahaba wanangu. Nimeweka alama, ni kweli 79. Nashukuru mmeniwahi, kwa maana nilikuwa nimeshaanza kupanga begi.

Basi niambieni: nikitoka 31 Mei, nitaruhusiwa kurudi lini? Mwanangu anarudi kazini wiki ya kwanza ya Septemba, na hapo ndipo atanihitaji kuliko sasa.

MzeeWaMabasi

Mama, hapo umebahatika. Ukitoka 31 Mei, kaa nje Juni yote, Julai yote, mpaka 29 Agosti. Hizo ni siku 90 za kuwa nje. Tarehe 30 Agosti ile siku yako ya kwanza, 3 Machi, inadondoka nje ya dirisha la siku 180, na kila siku inayofuata inadondoka nyingine. Kwa hiyo ukiingia 30 Agosti unaweza kukaa siku 90 mfululizo.

Kuna njia nyingine ikiwa moyo hautulii: toka kesho, siku ya kutoka itakuwa ya 80, zitabaki kumi za akiba. Hizo unaweza kuzitumia Julai, ukaja kumwona mtoto. Lakini ukizitumia, ukirudi 30 Agosti utapata siku 80 mfululizo badala ya 90. Mimi ningezimaliza sasa.

Ukitaka kukaa zaidi ya hapo, omba viza ya muda mrefu ya Hispania ukiwa kwako Uingereza. Siku unazokaa kwa viza hiyo haziingii kwenye zile 90. Na ukirudi Agosti, chukua tiketi ya kuondokea, anwani ya mwanao na ushahidi wa fedha. Kutohitaji viza hakumzuii afisa kukuuliza.

BibiMgeni

Nimekata tiketi ya kurudi Uingereza tarehe 30 Mei, nimeacha siku moja isije ndege ikachelewa. Na ya kuja huku 31 Agosti.

Jirani nimemweleza, akachukua kalenda yangu akahesabu mwenyewe mara mbili, akanyamaza. Leo jioni mkwe wangu amewahi kutoka. Yeye ndiye anamwogesha mtoto, mkono mmoja chini ya kisogo kama nilivyomwonyesha, mimi nimesimama pembeni na taulo.