Naombeni ushauri: shule ya mtaani dakika kumi kwa miguu, au ya chata maili 14?

Mama Furaha

Habari za leo wapendwa. Naomba mnivumilie, nitaandika kirefu kidogo, maana jambo hili linaniumiza kichwa na muda uliobaki ni mdogo.

Binti yangu wa kwanza ana miaka 11. Agosti anaingia darasa la sita, yaani anatoka shule ya msingi na kwenda shule ya kati. Tunakaa Houston, upande wa kusini-magharibi. Shule ya kati ya mtaani iko ng'ambo ya barabara, ukishapita kituo cha mafuta. Majirani hawaisifu. Wanasema watoto wanapigana, walimu hawakai, na jimbo limeipa alama D. Mwaka jana mwenzangu wa kazini alinisaidia kujaza fomu ya shule ya chata (charter school) iliyo maili 14 kutoka hapa. Nikajaza, nikasahau. Wiki iliyopita barua ikaja: jina la binti limetoka kwenye bahati nasibu yao ya kuchagua wanafunzi. Nimeibandika kwenye friji, na kila nikienda kutoa maziwa naiona ile tarehe ya mwisho ya kukubali nafasi. Ni Ijumaa ijayo.

Shida ni njia. Basi lao halifiki kwetu. Mume wangu ni dereva wa lori, anaondoka Jumapili anarudi Ijumaa. Mimi natunza wazee, shifti ya usiku, natoka saa moja kamili asubuhi, na kule chata kengele inalia saa moja na dakika arobaini. Usiku watoto wanalala na bibi yao, ambaye haendeshi. Gari ni moja, na kuna mdogo wake wa miaka saba naye anatakiwa afike shule.

Tulitoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, mwaka 2019. Binti anaongea Kiingereza kutushinda sote nyumbani, ila kusoma bado ni kuzito. Mimi mwenyewe shule sikuimaliza. Sitaki mwanangu akose nafasi kwa sababu ya uchovu wangu. Nyinyi mngefanyaje?

Baba Watatu

Hongera kwa binti, Mama Furaha.

Ujue kwanza kwamba chata si shule ya watu binafsi kama wengi wetu tunavyodhani. Ni ya umma, hulipi ada, inaendeshwa kwa kodi, ila ina bodi yake na haiko chini ya wilaya ya shule ya mtaa. Minnesota ndiyo iliyotunga sheria ya kwanza mwaka 1991, Texas ikafuata 1995. Ziko nzuri sana, na ziko zilizofungwa wazazi wakabaki wanahangaika. Kwa hiyo neno "chata" peke yake lisikutishe wala lisikuvutie. Ichunguze hiyo hiyo uliyoipata.

Kuhusu ile D, ingia TXschools.gov, tovuti ya jimbo yenye alama za shule, uandike jina la kila shule. Chini ya alama ya jumla kuna sehemu tatu: matokeo ya mitihani, maendeleo ya wanafunzi, na jinsi makundi yaliyo nyuma yanavyosaidiwa. Kwa mtoto mwenye shida ya kusoma, mimi ningeangalia hiyo ya maendeleo kabla ya zote. Shule inayopokea wageni wengi inaweza kuonekana chini kwenye mitihani na huku inawavusha watoto vizuri. Na inaweza kweli kuwa mbovu. Utaijua ukifungua.

Nyota ya Uvira

Dada yangu, mimi hiyo safari niliifanya mwaka mzima na mwanangu, maili 11 tu, hata si 14. Tulikuwa tunatoka saa kumi na moja na nusu. Anakula uji kwenye kikombe cha mfuniko, kichwa kimeegemea kioo, na mara nyingi nilikikuta kikombe kimejaa bado na mtoto kalala. Jioni foleni ya kuchukua watoto inazunguka jengo zima, namba yako umeitundika kwenye kioo, unasubiri. Siku betri ilipokufa kwenye barabara kuu ya Beltway 8 nililia, si kwa sababu ya gari, ila kwa sababu ilikuwa mara ya tatu kuchelewa mwezi ule na shule ilikuwa imeshaniandikia barua ya onyo.

Masomo yalikuwa mazuri, siwezi kusema uongo. Lakini mtoto hakuwa na rafiki hata mmoja karibu na nyumbani, na mwezi wa tatu alianza kusema tumbo linamuuma kila asubuhi. Wewe utakuwa unaendesha baada ya kukesha. Hilo ndilo linalonitisha. Usingizi wa kwenye usukani hauombi ruhusa.

Kaka wa Kisumu

Naheshimu mliyosema, ila mimi naona tofauti. Niko Minnesota. Dada yangu aliambiwa maneno haya haya, akaiacha nafasi, na mtoto wake akakaa miaka miwili kwenye darasa ambalo walimu walibadilika kila baada ya miezi michache. Nafasi kama hii ukiikataa unarudi nyuma ya foleni. Mama Furaha, uliza ofisini kama kuna familia nyingine kutoka mtaa wenu, mpokezane kuendesha. Uliza pia kama basi lao lina kituo popote, hata kwenye maegesho ya duka. Usiseme hapana kabla hujauliza.

Mwalimu Halima

Nafundisha watoto wanaojifunza Kiingereza, shule ya umma, huku huku Texas. Naomba nirudi kwenye sentensi yako moja: anaongea vizuri ila kusoma kuzito. Watoto wa aina hiyo ndio wanaosahaulika. Mwalimu akimsikia anaongea vile, anadhani mambo ni sawa, na mtoto anajifunza kujificha. Anarudia alichosema mwenzake, ananakili, anapita.

Kila majira ya kuchipua anafanya mtihani wa TELPAS, unaopima kusikiliza, kuongea, kusoma na kuandika kila kimoja peke yake. Omba ile karatasi ya matokeo. Kisha nenda shule zote mbili ukaulize: ni nani hasa atakayemfundisha mwanangu kusoma, ana cheti cha kufundisha wanaojifunza Kiingereza, na atakaa naye mara ngapi kwa wiki? Shule yoyote ya umma, chata ikiwemo, inawajibika kumsaidia. Mahakama ya Juu ya Marekani ililiamua hilo mwaka 1974 katika kesi ya Lau dhidi ya Nichols. Na ni haki yako kupewa mkalimani wa Kiswahili bila malipo. Usikubali binti mwenyewe akutafsirie, maana hawezi kutafsiri habari zake mbaya.

Na ujue hili: shule ya mtaa wenu haiwezi kumkataa, hata ukimrudisha katikati ya mwaka.

Mama Furaha

Nimerudi. Mungu awabariki wote, na dada wa Uvira, pole sana.

Jumatatu nilikwenda chata. Pasafi, wamenipokea vizuri. Basi lina kituo kweli, Kaka wa Kisumu, asante, kwenye maegesho ya duka maili 4 kutoka kwetu. Linaondoka saa kumi na mbili na dakika ishirini, na mimi wakati huo bado niko na wazee wangu. Familia ya mtaa wetu hawakuwa nayo hata moja. Nilipouliza ni nani atamfundisha kusoma, walisema mwalimu bado anatafutwa.

Jana nikaenda ya mtaani pamoja na binti. Korido zina kelele, na mlango wa choo kimoja umevunjika, nimeona. Mkalimani alikuwa kwenye simu. Mwalimu wa Kiingereza alimpa binti kitabu, akamwambia soma kwa sauti. Akafika mstari wa tatu akakwama kwenye neno. Mwalimu hakumtajia. Alifunika nusu ya neno kwa kidole, akamsubiri. Binti akalisoma nusu, kisha lote. Mwalimu huyo ana miaka tisa akifundisha katika shule hiyo. Kwenye ile tovuti nikakuta sehemu ya maendeleo wana C.

Kwa hiyo nimeamua, ya mtaani. Kupigana bado kunaniogopesha, na nimemwambia mwalimu mkuu hivyo hivyo. Chata nimewapigia leo asubuhi, wampe mwingine nafasi. Barua sijaitoa kwenye friji bado.

Wiki ijayo tunakwenda kumwandikisha. Nina bili ya umeme, cheti cha kuzaliwa na karatasi ya chanjo. Mwalimu Halima, kuna kingine wanachodai?

Mwalimu Halima

Kitambulisho chako, na ile karatasi ya TELPAS. Mkabidhi yule mwalimu mkononi, usiiache ofisini.