Watunza seva wetu wametuuzia diski ya 200GB wakati tatizo ni skripti yao wenyewe!!

Wakuu naandika nikiwa na hasira, mnivumilie. Nasimamia mfumo wa ghala la korosho hapa Mtwara, ule wa kuingiza uzito wa mizani na kutoa risiti za mzigo wa vyama vya msingi. Oktoba hiyo, minada imeshaanza, malori yamepanga foleni getini, mfumo ukagoma kuandika chochote, databesi inalia diski imejaa.

Naingia kwenye seva, df -h (amri ya kuonyesha nafasi ya diski) inasema ukubwa 98G, imetumika 93G, imebaki 0. Nikapiga du -shx / (inajumlisha ukubwa wa mafaili yote) tena kwa sudo, yaani kwa mamlaka ya msimamizi, inaleta 37G. Sasa 56G ziko wapi?? Inodi (nafasi za kusajili mafaili, nazo zikiisha diski inagoma) nikacheki kwa df -i, ziko tele. Nikapigia kampuni tunayoilipa kila mwezi itutunzie seva, nikawatumia picha za namba zote mbili, kijana wa huko ananijibu data zenu zimeongezeka mkuu, lipieni diski ya 200. Nikamwambia mbona du inasema 37, akasema du haiaminiki. Haiaminiki! Bosi akalipa maana wakulima wanasubiri juani, wakazima seva wakaiwasha na diski mpya, na df ikashuka mpaka 37G. Jamani, diski mpya inaongeza nafasi, haipunguzi kilichotumika! Hapo ndo nikashtuka.

Wiki tatu mbele df inapanda tena, du imetulia kwenye 39G. Safari hii sikumpigia mtu. Nikapiga sudo lsof +L1 (inaorodhesha mafaili yaliyofutwa ila bado yamefunguliwa na programu), likatokea faili moja la logi ya programu yetu, yaani kumbukumbu za matukio yake, mwisho wa mstari imeandikwa deleted, limekula 61G peke yake.

Kwa ambaye hajakutana nalo, kwenye Linux ukipiga rm (amri ya kufuta faili) unafuta jina tu kwenye folda, kama kuna programu bado imelifungua lile faili basi data inabaki kwenye diski na inaendelea kuandikwa humo humo, du yeye anapita kwenye mafolda anahesabu yenye majina kwahiyo hawezi kuliona, df anauliza mfumo wa mafaili bloku ngapi zimeshikwa. Wote wawili wanasema kweli. Zile 5G kati ya 93 na 98 ni asilimia 5 ambayo ext4 (mfumo wa mafaili wa seva yetu) inamwekea root, msimamizi mkuu wa seva, akiba, hizo sina ugomvi nazo.

Na aliyefuta ni nani? Nikafungua kroni (ratiba ya kazi zinazojiendesha) ya root, nakuta skripti ya haohao watunzaji, kila saa nane usiku inapiga rm kwenye folda la logi, hairistati programu, haiiambii hata ifungue faili jipya, na logrotate (zana ya kupokezana na kufuta logi za zamani) ipo humo humo kwenye seva imekaa bure. Nikaristati programu mchana watu wamekwenda kula, 61G zikarudi palepale. Dakika moja!

Nimewaandikia warudishe hela ya diski, siku ya tisa leo kimya, simu wanakata. Kuna mtu humu ameshawahi kudai hela ya hivi akalipwa? Alianzia wapi? Matokeo yote ya lsof na ile skripti nimevihifadhi.