Mdogo wangu amepangiwa JKT Mafinga: tumwandaeje kabla hajaondoka Kongwa?

Mwana wa Mlali (Kongwa):

Ndugu zangu, habari za jioni. Mdogo wangu wa kike amemaliza kidato cha sita mwezi Mei, na majina ya vijana walioitwa kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa kwa mujibu wa sheria yalipotoka, tulikuta amepangiwa kambi ya Mafinga, yaani kikosi cha jeshi namba 841 (841 KJ), mkoani Iringa. Katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kupita huko, kwa hiyo tunayoyajua ni ya kusikia tu. Baba amefurahi mno, na kila mtu anayefika nyumbani kununua alizeti lazima aoneshwe jina kwenye simu. Mama hali chakula vizuri tangu siku hiyo.

Jambo linalotusumbua ni kwamba binti ana pumu. Si kali, lakini humshika wakati wa kipupwe na wakati wa vumbi la mavuno, na Mafinga tunaambiwa ni baridi kuliko huku kwetu. Jirani mmoja ametushauri afiche hali hiyo ili asirudishwe. Mwingine anasema tutafute cheti cha daktari chenye maelezo makubwa kuliko ugonjwa wenyewe ili asiende kabisa. Mimi sipendi ushauri wowote kati ya hiyo miwili. Naomba pia kujua itakuwaje kuhusu maombi ya mkopo wa elimu ya juu, kwa kuwa dirisha hufunguliwa wakati yeye yuko kambini, na namna ambayo mama anaweza kupata habari zake.

Kuruta wa Makutupora (Dodoma mjini):

Hongereni, ndugu yangu. Mimi nilipita Makutupora, hapa hapa kwenye barabara iendayo Kondoa, kwa hiyo sitazungumzia baridi ya Mafinga kana kwamba niliionja, lakini maisha ya kuruta yanafanana popote.

Mafunzo ya mujibu wa sheria huchukua miezi mitatu, na wiki za mwanzo ndizo ngumu, si kwa sababu ya kazi pekee, bali kwa sababu mwili bado unadai ratiba ya nyumbani. Mnaamshwa alfajiri kukiwa giza, mnakimbia mchakamchaka huku mkiimba chenja, yaani nyimbo za mbio, kisha kuna usafi wa hanga (bweni), kwata (mazoezi ya gwaride), masomo ya darasani na fatiki, yaani kazi za mikono, za shambani au za ujenzi. Anayechaguliwa na afande kuongoza chenja hupata jina haraka katika kombania, yaani kundi lenu la kuruta, na kama mdogo wako ana sauti nzuri asiifiche. Baadaye huja mafunzo ya silaha na shabaha, na kufikia hapo wengi huwa wameacha kuhesabu siku.

Kuhusu vifaa, fuateni tangazo la wito neno kwa neno. Kwa kawaida hutajwa bukta ya bluu iliyokolea yenye mpira kiunoni, isiyo na zipu na inayofika magotini, fulana ya kijani, raba za michezo za kijani au bluu, shuka za bluu bahari, soksi ndefu nyeusi, trakisuti, na nguo za kuzuia baridi kwa waliopangiwa mikoa yenye baridi, pamoja na vyeti na nauli ya kwenda na kurudi. Kitu ambacho tangazo halitawaambia ni kwamba raba zinunuliwe mapema, azivae na kukimbia nazo huko Mlali mpaka zilainike. Niliona vijana wenye nguvu wakichechemea kwa malengelenge kwa sababu walifungua boksi la raba siku ya kwanza ya mchakamchaka. Nywele nazo azikate kabisa kabla ya safari, kwani kuzikata nyumbani mbele ya mama ni afadhali kuliko kuzikata kwenye foleni.

Simu kambini kwetu zilikusanywa. Mama azoee mapema kwamba ukimya si ishara ya ubaya.

Mchumi wa Nkuhungu:

Naomba kutofautiana kidogo. Mafunzo haya hayaambatani na ahadi ya ajira, na jeshi lenyewe hulisema hilo waziwazi kila mwaka. Kama binti ana pumu, kwa nini ahatarishe afya yake? Akae nyumbani, ashughulikie mkopo wake, aende chuoni kwa amani.

Mzee wa Kikuyu:

Mwanangu wa Mlali, nimesoma swali lako kwa makini na nakupongeza kwa kuuliza kabla ya safari. Ndugu yetu wa Nkuhungu nimemwelewa, ila nadhani amepima jambo hili kwa mizani ya mshahara peke yake.

Jeshi hili lilianzishwa tarehe 10 Julai 1963, na hoja ya kwamba msomi hapati faida humo ni ya zamani sana. Mwezi Oktoba 1966, wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana jijini Dar es Salaam kupinga mpango wa kuwataka wasomi watumikie miaka miwili, ikiwamo miezi kumi na minane ya kufanya kazi kwa asilimia 40 ya mshahara. Mwalimu Nyerere aliwarudisha nyumbani wanafunzi zaidi ya 300, na siku hiyo hiyo akatangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Sisi tuliokuja baadaye tulikwenda mwaka mzima baada ya kidato cha sita, na mwana wa mkubwa alilala hanga moja na mwana wa mchungaji wa Bahi. Mpango huo ulisimamishwa mwaka 1994 na kurejeshwa mwaka 2013, kwa hiyo kuna kizazi kizima kati yetu na mdogo wako ambacho hakikuupitia, na ndiyo maana watu wengi leo wanazungumzia kambi kwa kusikia tu, kama ulivyosema.

Tena ninyi ni watu wa Kongwa. Ardhi yenu ilipokea wapiganaji wa FRELIMO ya Msumbiji, ANC ya Afrika Kusini na SWAPO ya Namibia tangu miaka ya sitini, vijana walioondoka kwao bila kujua watarudi lini. Mama mwambie hilo taratibu, wakati wa chakula, si kwa kumkaripia.

Hata hivyo, suala la pumu nawaachia wataalamu. Uzalendo hauponyi kifua.

Tabibu wa Mpwapwa:

Shikamoo mzee. Ndugu wa Mlali, mimi ni tabibu na nimewahi kuhudumia vijana wanaojiandaa kwa safari hizi, kwa hiyo nitajibu hapo mlipokwama.

Kuficha pumu ndilo jambo la hatari kuliko yote. Hewa baridi na kavu, vumbi, moshi na mazoezi makali vyote huweza kubana njia za hewa, na kambini vinaweza kukutana asubuhi moja. Kijana aliyeficha ugonjwa wake huogopa kusimama anapoanza kukohoa, kwa kuwa akisimama atalazimika kujieleza, na wakati mwingine mwenzake au afande hudhani ni uvivu. Aliyejitambulisha mapema, kumbukumbu zake zipo zahanati ya kambi, na anayemsimamia anajua kwamba akishika kifua si mchezo. Cheti cha kutia chumvi nacho sikishauri, kwanza kwa sababu ni uongo, na pili kwa sababu maelezo hayo yanaweza kumfuata mahali ambapo hakuyahitaji.

Fanyeni hivi: mpelekeni hospitali ya wilaya kabla ya safari, apimwe akiwa mzima na si wakati kifua kimebana, kisha daktari aandike barua ya kweli inayotaja ugonjwa, dawa anazotumia na mara ya mwisho alipozidiwa. Daktari ndiye atakayesema kama anafaa kwenda. Watu wengi wenye pumu iliyodhibitiwa hukimbia na kucheza mpira bila shida. Wale ambao hukohoa usiku mara kwa mara, au waliowahi kulazwa karibuni, ni habari nyingine, na hao wasilazimishwe na furaha ya baba.

Akiruhusiwa, abebe inhela, yaani kifaa cha kuvutia dawa kwa mdomo, ya kufungua kifua, na nyingine ya akiba. Kama daktari amempa pia ile ya kuzuia, aitumie kila siku hata asipojisikia vibaya, kwa maana hii ya kuzuia haifungui kifua papo hapo kikibana, na wagonjwa wengi huiacha kwa kudhani haina kazi. Awaoneshe wenzake wawili wa hangani mahali anapoiweka.

Mwana wa Mlali:

Mzee, shikamoo, na nashukuru sana. Tabibu, Jumatatu tunakwenda hospitali, na binti mwenyewe amekubali baada ya kusoma maneno yako, maana alikuwa upande wa jirani wa kwanza. Limebaki la mkopo.

Kuruta wa Makutupora:

La mkopo linahitaji mfanye mengi kabla hajapanda basi. Cheti cha kuzaliwa kihakikiwe na RITA, wakala wa usajili wa vizazi, sasa, namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, ishughulikiwe, picha ndogo ziachwe nyumbani, na mkubaliane ni namba gani ya simu itakayotumika kwenye maombi, iwe ya mtu anayeshika simu kila siku na kusoma ujumbe. Mdhamini naye aandaliwe. Sehemu zinazohitaji sahihi ya binti msizijaze ninyi kwa mkono wenu. Ulizeni mapema namna ya kumfikishia fomu, na yeye akifika kambini aulize uongozi, kwa kuwa hatakuwa peke yake mwenye shida hiyo.

Kwa safari, kutoka Kongwa aje kulala Dodoma, kisha asubuhi apande pale Nanenane basi linalopitia Mtera na Iringa kuelekea Mbeya, ambalo litamshusha Mafinga bila kubadilisha gari. Inhela na barua ya daktari zikae kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye begi linalowekwa chini ya basi. Mama mwambieni aanze kuweka nauli pembeni, kwa sababu siku ya gwaride la kufunga mafunzo wazazi hualikwa.