Ulinganisho: chakula gani cha asili cha Ufini kwa asiyekula nyama, na mapishi yake tuyatoe wapi?

Bint_Pangani
Ndugu zangu, salaam. Tarehe 6 Desemba, Siku ya Uhuru wa Ufini, nimealikwa kwenye mlo ambao kila mgeni anapeleka chakula kimoja cha asili cha nchi hiyo, nami sili nyama. Nimebakiza vitatu: karjalanpiirakka, yaani vile vipai vya unga wa rai vyenye uji mzito wa mchele; lanttulaatikko, yaani lanttu (mzizi mkubwa wa jamii ya kabichi) iliyopondwa na kuokwa; na hernekeitto, supu ya njegere kavu. Pia nasita kati ya kununua kitabu cha mapishi cha Kiingereza na kutegemea mapishi ya bure ya Kifini kwa programu ya kutafsiri. Naomba ushauri.

Mzee_wa_Oulu
Dada, umetuletea nusu ya swali. Mayai na maziwa unatumia? Uko Ufini kwenyewe, au uko mahali ambapo lanttu haionekani sokoni? Oveni unayo? Bila hayo tutakuwa tunapiga ramli tu.

Jirani_Turku
Wakati tukisubiri majibu, mimi nasema piirakka. Mkono uliozoea kusukuma chapati tayari una nusu ya kazi, ingawa unga wa rai hauvutiki na hupasuka ukiusukuma peke yake, hivyo changanya na ngano kidogo. Sukuma hadi uwe mwembamba sana, weka uji, kunja kingo na uzifinye kwa vidole, kisha oka kwenye moto mkali wa nyuzi 250 au zaidi. Jina hilo linalindwa na Umoja wa Ulaya tangu 2003, na ndiyo maana vile vya dukani visivyofuata utaratibu huandikwa riisipiirakka, yaani pai ya mchele.

Fundi_Sufuria
Hernekeitto haina mpinzani, lakini ipike mwenyewe. Alhamisi moja, siku ambayo supu hiyo huliwa nchi nzima, niliingia mkahawa mmoja wa chakula cha mchana ambao sitautaja. Palikuwa na sufuria mbili, na moja ilikuwa na kibandiko cha wasiokula nyama. Nilikula taratibu, nikaongeza haradali, nikaisifia hata kwa mwenzangu. Nilipofika chini ya bakuli nikakuta nyuzi za nyama ya nguruwe zimeshikamana na njegere. Nilipouliza, mhudumu alinijibu kwa upole kabisa kwamba supu ni ileile, ila nyama huwa wanaichuja kabla ya kuimimina. Kwao nyama ni vipande vinavyoonekana, na mchuzi hauhesabiwi. Tangu hapo naloweka njegere usiku kucha, nazichemsha na kitunguu na majoramu mpaka zivurugike, na chumvi naitia mwishoni.

Mzee_wa_Oulu
Pole sana, kaka, ila hoja yako inakupinga. Supu hiyo kwa asili ina nguruwe. Ukimtoa umepika supu nzuri ya njegere, siyo chakula cha asili. Tafuteni vilivyozaliwa bila nyama, kama imelletty perunalaatikko, chakula cha viazi cha kuoka cha mkoa wa Häme: viazi vilivyopondwa huchanganywa na unga wa ngano na kuachwa kwenye joto la wastani kwa saa kadhaa, mpaka wanga ugeuke sukari na rojo lenyewe liwe jepesi na tamu. Joto likizidi kama nyuzi 75, utamu hautokei.

Fundi_Sufuria
Mzee wangu, kwa kipimo hicho hata piirakka imeanguka, kwa sababu mchele haulimwi Karelia, eneo ilikotoka. Zamani walijaza shayiri.

Bint_Pangani
Samahani kwa kuwachelewesha. Nipo Tampere, oveni ninayo, maziwa natumia, mayai situmii kabisa.

Jirani_Turku
Basi acha munavoi, ile siagi ya mayai inayopakwa juu ya piirakka, na kwenye lanttulaatikko yai unaweza kuliacha, kwa kuwa chembe za mkate zilizolowekwa kwenye krimu zinashika vya kutosha. Usisahau sirapu na kungumanga. Kuhusu kitabu, hifadhi fedha zako: Marttaliitto, chama cha elimu ya nyumbani kilichoanzishwa 1899, kinatoa mapishi bure. Andika jina la chakula pamoja na neno kasvis (mboga) au lihaton (bila nyama). Programu ya kutafsiri hukosea zaidi kwenye vipimo, kwa hiyo kumbuka kwamba dl ni mililita 100 na rkl ni kijiko cha mililita 15.

Kijana_Vantaa
Mbona hamtaji leipäjuusto, ile jibini ya kuoka, na jamu ya lakka, tunda dogo la porini? Au mchuzi wa uyoga wa korvasieni?

Jirani_Turku
Mdogo wangu, leipäjuusto kwa desturi hugandishwa kwa kimeng'enya cha tumbo la ndama, hivyo soma kwanza kibandiko. Korvasieni ni sumu mpaka ichemshwe mara mbili kwa maji mengi, kila mara ukimwaga maji na madirisha yakiwa wazi. Chakula cha ugenini hakihitaji wasiwasi huo.

Bint_Pangani
Nimeshanunua lanttu moja kubwa, lakini hiyo ya viazi imenivutia. Oveni yangu haishuki chini ya nyuzi 80. Je, nikiacha mlango wazi kidogo itafaa?

Mzee_wa_Oulu
Tumia kipimajoto, dada, usikisie.

Fundi_Sufuria
Au chemsha njegere.