Naombeni ushauri: binti yangu aache barafu ahamie baiskeli?

Wakuu, habari zenu. Tunaishi Uholanzi, jirani na Heerenveen. Binti yangu ana miaka 15 na anateleza kwenye barafu tangu akiwa mdogo. Sasa kocha anasema mapaja yake yanafaa baiskeli za uwanjani, zile zisizo na breki (mama yake hataki hata kuzisikia).

Anamtolea mfano Laurine van Riessen: shaba ya mbio za mita 1000 kwenye barafu, Olimpiki ya Vancouver 2010, kisha Rio 2016 akashindana kwenye baiskeli. Ingrid Haringa naye alitoka barafuni, akapata medali Barcelona 1992 na Atlanta 1996. Sawa, lakini hao walihama wakiwa watu wazima.

Kwa mwenye mtoto anayefanya yote mawili: anapumzika lini? Na shule je?