Je, kura ya nyanya ni yake, au ni ya anayemsaidia kuipiga?

Mjukuu wa Wundanyi anauliza:
Nyanya yangu ana miaka 84, haoni vizuri na hakuwahi kwenda shule. Katika uchaguzi wa Kenya wa Agosti 2022 aliingia kituoni pamoja na ami yangu, ambaye ndiye aliyemtilia alama kwenye karatasi zote 6, kuanzia ya rais hadi ya mwakilishi wa wadi. Wiki hiyo nzima nyanya alikuwa akisema waziwazi kwamba kwa ugavana anamtaka mtu ambaye ami hampendi kabisa, lakini jioni ami alijigamba kwamba kura za boma letu zote zimekwenda upande mmoja, na nyanya akanyamaza. Sijui kama alibadili nia, au alama iliwekwa pasipo ridhaa yake. Sheria inamlinda vipi mzee kama huyu, nasi jamaa zake tufanye nini kabla ya Agosti 2027?

Msimamizi wa zamani:
Nimewahi kusimamia kituo cha kupigia kura, kwa hiyo nitaanza na kanuni. Kanuni za uchaguzi za mwaka 2012 zinampa mpiga kura asiyejua kusoma, au mwenye ulemavu, haki ya kuingia na msaidizi aliyemchagua kwa hiari yake. Msaidizi huyo asiwe mgombea wala wakala, awe ametimiza miaka 18, ale kiapo cha kutunza siri, na asimsaidie zaidi ya mpiga kura mmoja katika uchaguzi huo. Mzee akija peke yake, msimamizi wa kituo humsaidia mbele ya mawakala, na hapo ndipo penye kasoro kubwa, kwa sababu mzee mwenye masikio mazito hulazimika kutaja jina kwa sauti, na chumba kizima kikalisikia. Ndiyo maana wengi huona afadhali kuingia na mtoto wao, hata wasipokubaliana naye. Mimi nilikuwa nikimwuliza mzee mwenyewe, kwa lugha ya kwao, amemchagua nani amsaidie, kisha nasubiri jibu lake bila kumtazama aliyemleta. Wako waliotaja mtu mwingine.

Binti wa Malindi:
Maelezo hayo ni sahihi, ila naomba tusiwafanye wazee kuwa watoto. Hawa ndio waliopangwa foleni nyuma ya wagombea wa KANU, chama pekee cha wakati ule, katika mchujo wa mwaka 1988, ule wa mlolongo, kila mtu akionekana amesimama nyuma ya nani. Wanaijua gharama ya kura isiyo ya siri kuliko sisi. Mama yangu mkubwa humpigia kura yule anayependekezwa na kaka yake, na nilipomwuliza alinieleza kwamba kaka yake ndiye anayefuatilia nani alileta maji kijijini, naye anamwamini. Hiyo ni hiari yake, na hatuna haki ya kuitilia shaka.

Swali langu ni kama mzee angepata madhara iwapo angetaja jina jingine. Kwa jirani yetu jibu ni ndiyo, kwa kuwa mtu mmoja wa kijijini alimtisha kwamba asipompigia mgombea fulani ataondolewa kwenye fedha za Inua Jamii, zile shilingi 2,000 za kila mwezi zinazomnunulia unga na dawa. Fedha hizo ni za serikali kwa wazee kuanzia miaka 70, na karatasi ya kura haina jina la aliyeipiga. Hilo lielezwe msikitini, kanisani na barazani mapema, maana hofu ya namna hiyo humwingia mtu akiwa nyumbani, na kiapo cha kituoni hakiwezi kuiondoa.

Mwalimu mstaafu:
Niongeze kwamba hata usahaulifu wa uzee haumpokonyi mtu kura. Kwa upande wa akili, Ibara ya 83 ya Katiba humzuia yule tu ambaye imetangazwa rasmi kwamba hana akili timamu, na uamuzi huo si wa jamaa. Kwa nyanya, mjukuu, ningemtafutia kwanza miwani, kwa sababu karatasi zetu zina picha za wagombea na alama za vyama, na huenda akajipigia mwenyewe. Akihitaji msaidizi bado, mwulize mkiwa wawili tu ni nani anayemtaka, na jina atakalolitaja alisikie ami kutoka kwake nyanya, mbele ya familia, wiki kadhaa kabla ya siku yenyewe.