Programu ya kuhariri video imemeza GB 211 za diski yangu kimyakimya, halafu inaniambia "diski imejaa"!

Wakuu, heshima kwenu. Naandika nikiwa na hasira, nikiteleza mnivumilie. Jina la programu silitaji, maana nikilitaja tu uzi huu utageuka Simba na Yanga kati ya wanaotumia hii na wanaotumia ile. Anayehariri harusi atanielewa bila jina.

Jumamosi iliyopita, saa nane usiku. Kazi ya saa mbili na dakika arobaini nimeshaimaliza, rangi nimepiga, sauti ya MC nimeipunguza (yule jamaa angeachwa vile alivyo angepasua spika za watu), nimebaki kurenda tu (kuitoa kazi yote iwe faili moja la video). Ndugu wa bwana harusi walikuwa wamebaki mjini wiki nzima baada ya sherehe, na asubuhi hiyo walikuwa na basi la kwenda Mwanza kutoka pale Mbezi. Mama mkubwa wa bwana harusi ameshanitumia ujumbe mara tatu: "Mwanangu, CD yetu tutaipata?" Ni flashi, lakini kwa wazee wetu video ya harusi itabaki kuwa CD mpaka kiama. Nimekaa nautazama ule mstari unavyojivuta. 70. 71. 72. Ukagota. Kikatokea kiboksi: diski imejaa, kazi imeshindikana. Na kile kipande kilichokuwa kimeshatoka kikafutwa chote.

Ndiyo, nilikuwa narenda kwenye desktopu, yaani diski C. Msianze. Video yenyewe ingetoka GB 19 hivi, na wiki mbili nyuma C ilikuwa na nafasi tele. Picha zote za kamera ziko kwenye diski ya nje. Sasa nani kaijaza?

Nikaanza kupima folda moja baada ya nyingine. Diski yangu (SSD) ni ya GB 512, ambazo Windows inazisoma 476. Mfumo na programu zote kama 120, vitu vyangu binafsi kama 130. Zaidi ya 200 hazionekani popote. Nikawasha ile setingi ya kuonyesha mafaili yaliyofichwa, nikaingia Users, jina langu, AppData, nikashuka humo ndani kama mtu anayetafuta nyoka darini. Nikamkuta. Folda moja, GB 211, mafaili maelfu kwa maelfu yenye majina ya tarakimu tupu. Nikayapanga kwa tarehe. Mengine ni ya send-off niliyoikabidhi kabla ya Pasaka! Wale watu sasa hivi wanasubiri mtoto, mimi bado nawatunzia takataka za sherehe yao kwenye mashine yangu.

Hayo ni mafaili ya muda ambayo programu hujitengenezea ili ifanye kazi haraka. Simu yangu nimeiweka Kiswahili, na kule kwenye mipangilio ya kuyafuta wameandika "Futa akiba". Huku kwenye video wengi tunasema kache. Hilo neno akiba ndilo linaloniuma zaidi. Akiba ni kitu nilichoweka mwenyewe, najua kiko wapi, nikikihitaji nakifuata. Hii ni mtu ameingia kwako usiku, amejaza magunia chumbani, asubuhi anakwambia nyumba yako ndogo.

Na asitokee mtu kuniambia sijui kazi ya kache. Najua. Faili la kamera limebanwa sana, kwa hiyo kila ukisogeza taimlaini (ule mstari wa kuhariria) mashine inalazimika kulifumua upya. Ili isikwame, programu inatengeneza nakala nyepesi kusoma lakini nzito kwa ukubwa. Pigeni hesabu wenyewe: kamera inayorekodi picha ya 1080 (HD) kwa megabiti 50 kwa sekunde inatoa GB 22 na nusu kwa saa. Saa hiyohiyo ikigeuzwa ProRes 422 (moja ya aina za hizo nakala nyepesi kusoma) kwa fremu 25 kwa sekunde inakuwa GB 55 hivi, zaidi ya mara mbili. Ikiwa 4K (picha kubwa mara nne) inafika kama GB 221, yaani saa moja tu na karibu nusu ya SSD yangu imekwenda. Sauti nayo wengi mnaidharau. Programu yangu inaifumua iwe WAV (sauti isiyobanwa) ya biti 32 kwa kilohezi 48, na stereo ya namna hiyo ni karibu GB 1.4 kwa saa. Mimi nilikuwa na kamera tatu na rekoda moja mezani kwa MC, kila moja imefanya kazi saa sita. Ni saa 24 za sauti. GB 33 za vigelegele na "naomba tukae", na hapo sijagusa picha.

Kwa hiyo kuitengeneza siilaumu hata kidogo. Ninachokataa ni kuniwekea kwenye C bila kuniuliza, kuificha, halafu kutoifuta kazi ikiisha. Siku unaiweka kwenye mashine inakuuliza lugha, inakuuliza kama unataka barua za matangazo, inakuuliza rangi ya dirisha iwe nyeusi au kijivu. Swali moja la "nijaze diski gani, na niishie GB ngapi?" halimo. Setingi ipo, nimeiona, imezikwa ndani ya menyu ya tatu, na kile kijisanduku cha kufuta chenyewe vitu vya zamani kimekuja kikiwa hakina tiki. Nani aliamua hivyo? Mtu mwenye diski ya TB 8 ofisini kwake, bila shaka.

Halafu kuna kitufe cha kufuta akiba. Nikakibonyeza kwa furaha kabisa. Zikaondoka GB 38! Kumbe kinafuta zile za sauti na michoro ya mawimbi yake tu. Vile vipande vilivyorendiwa kwa ajili ya kutazama, ambavyo ndivyo mzigo wenyewe, kinaviacha. Vina kitufe chao, kwenye menyu nyingine, na lazima ufungue kila mradi ndipo uvifute. Mradi wenyewe ukiwa ulishaufuta? Imekula kwako.

Nikaona isiwe tabu, nikafunga programu, nikaifuta folda nzima kwa mkono. Nafasi ikarudi, video ikatoka, flashi ikafika Mbezi dereva ameshawasha gari. Jumatatu nafungua mradi mwingine nakuta zile sampuli zangu za rangi, nilizozijenga kwa miezi kwa ajili ya ngozi zetu na taa za ukumbini, hazipo hata moja. Walikuwa wamezihifadhi ndani ya folda ileile ya akiba! Yaani kitu kisichotengenezeka tena wamekilaza kitanda kimoja na takataka. Hapo nilitaka kulia, na sioni aibu kusema.

Nikawaandikia huduma kwa wateja. Nalipia kila mwezi, kwa dola, kwa hiyo nina haki ya kufoka. Jibu likaja siku ya pili, la heshima tele: wanapendekeza niwe na diski ya peke yake yenye kasi kwa ajili ya akiba. Kuhusu sampuli zangu, wanasikitika. Fundi wangu naye nilipomweleza akaniuliza tu kama nataka TB 1 au TB 2.

Basi nimenunua SSD ya nje, nimeihamishia akiba huko, nikaweka tiki kwenye kile kijisanduku, mwisho siku 30. Siku tatu tukaishi kwa amani. Jana nikaichomoa kwenda kuchukua kazi kwa mtu, nikarudi, nikafungua programu bila kukumbuka kuichomeka. Haikulalamika. Haikuuliza. Leo nakuta ile setingi imejirudisha yenyewe C, na GB 9 mpya zimeshalala kule AppData.

Kuna aliyepata dawa ya hili? Hata ya kienyeji nitaijaribu. Anayetaka kuniambia ninunue mashine kubwa apite kimya.